Ngazi ya Kusoma

 Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo linalohusu kila nyumba yenye mtoto wa shule, nalo ni hili: namna ya kumsaidia mtoto ajue kusoma. Sisi tu walimu, na kazi yetu ni kuwafundisha vijana ambao nao watakuwa walimu. Hatukuja kuwalaumu wazazi, wala hatukuja kujisifu. Twataka kupima pamoja nanyi neno moja linalosemwa sana juu ya watoto, tuone kama ni la kweli, kwa maana mtoto hufaidika au hupotea kwa jinsi tunavyolishika neno hilo.

Husemwa ya kwamba watoto wameumbwa kwa namna tatu. Yuko mtoto wa macho, naye hushika upesi anachokiona. Yuko mtoto wa masikio, naye hushika anachokisikia. Tena yuko mtoto wa mikono, ambaye hashiki neno mpaka aliguse kwa vidole vyake na kulitenda. Basi wanaosema hayo huongeza ya kwamba mwalimu mwema ni yule anayemtambua kila mtoto kuwa ni wa namna gani, akamfundisha kwa njia yake hiyo, akaziacha zile nyingine.

Neno hili lapendeza kulisikia. Lamheshimu mtoto, maana halimwiti mjinga; lasema tu kwamba mlango wake bado haujafunguliwa. Wala halikuzuka katika vijiji vyetu. Mwaka 1978 Rita Dunn na Kenneth Dunn wa Marekani walitoa kitabu juu ya kuwafundisha wanafunzi kwa kufuata namna ya kila mmoja. Mwaka 1987 Neil Fleming wa New Zealand alitunga maswali ya kumwonyesha mtu kama hupenda kujifunza kwa kuona, au kwa kusikia, au kwa kusoma na kuandika, au kwa kutenda. Mafundisho ya jinsi hii yakazidi kuwa mengi, hata wataalamu wa Uingereza walipoyakusanya mwaka 2004 walikuta mifumo 71, kila mmoja ukiwagawa watu kwa njia yake.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: ushahidi uko wapi? Tuchukue mfano wa shamba. Mkulima akituambia ya kwamba mahindi meupe yataka udongo mwekundu, na mahindi ya manjano yataka udongo mweusi, hatutamsadiki kwa kuwa ameona mahindi meupe yamestawi mahali penye udongo mwekundu. Labda udongo ule huyastawisha mahindi yote. Lazima apande meupe katika mashamba yote mawili, na ya manjano katika mashamba yote mawili, kisha avune na kupima. Ikiwa meupe yameshinda penye udongo mwekundu, na ya manjano yameshinda penye udongo mweusi, ndipo tutakapolikubali neno lake.

Na kwa watoto ni vivyo hivyo. Yapasa kuwachukua wale walioitwa wa macho, nusu yao wafundishwe kwa macho na nusu kwa masikio. Na wale walioitwa wa masikio wagawanywe vile vile. Kisha wote wapewe mtihani mmoja. Mwaka 2008 wataalamu wanne wa Marekani, yaani Harold Pashler, Mark McDaniel, Doug Rohrer na Robert Bjork, walizichungua habari zote walizoweza kuzipata, wakitafuta majaribio yaliyofanywa kwa haki namna hii. Waliyakuta machache sana, na baadhi ya hayo machache yalipingana kabisa na mafundisho yale. Wakakata shauri ya kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuzifanya shule ziwafundishe watoto kwa kuwagawa hivyo.

Angalieni vema maana ya maneno hayo. Hawakusema ya kwamba watoto wote ni sawasawa. Mtoto mmoja hupenda picha, mwenziwe hupenda nyimbo, wa tatu hatulii mpaka ashike kitu mkononi. Hayo twayaona kila siku. Lakini kupenda ni jambo moja, na kufaidika ni jambo jingine. Mtoto hupenda muwa kuliko mboga, wala hakuna mzazi atakayesema ya kwamba mtoto wake ni mtoto wa muwa, asipewe mboga.

Labda mtu atasema, "Hata kama neno hilo halina ushahidi, lina ubaya gani?" Ubaya wake ni huu. Mtoto akiisha kuitwa wa masikio, watu humsomea, wasimngoje asome mwenyewe. Nao hudhani wanamsaidia. Akiisha kuitwa wa mikono, hupewa jembe au fimbo ya kuchungia, na watu husema kwa upole, "Huyu si wa kitabu, Mungu amempa kazi nyingine." Jina alilopewa kwa mapenzi humzuia kama ukuta. Miaka yake ya kujifunza hupita naye haongezi hata herufi moja. Kisha huwa mtu mzima, na barua yake husomwa na jirani, hata iliyo ya siri. Hutia kidole chake chini ya hati ya shamba asijue imeandikwa nini. Huishika chupa ya dawa ya mtoto wake anayeumwa, asiweze kujua kama ni kijiko kimoja au vitatu. Kazi ya mikono ni kazi ya heshima. Lakini mfanya kazi ya mikono naye ana barua, ana shamba, ana mtoto mgonjwa.

Tutawapa mfano wa zamani ulio wa kweli. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, jina lake W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14. Kijana huyo alikuwa na akili nzuri, macho yake yalikuwa mazima, tena alijua hesabu. Lakini maneno yaliyoandikwa yalimshinda, hata jina lake mwenyewe alilikosea kuliandika. Mwalimu wake alishuhudia ya kwamba, kama mafundisho yote yangalitolewa kwa mdomo tu, kijana huyo angaliwapita wote shuleni kwa akili.

Je, mngalisema nini juu ya kijana kama huyo? Wengi wangalisema, "Huyu ni mtoto wa masikio; afundishwe kwa masikio, aachiliwe mambo ya kitabu." Siku hizi hali kama hiyo huitwa disleksia, na wataalamu wameichungua kwa miaka mingi. Wameona ya kwamba kwa walio wengi shida haiko machoni. Iko katika kuzitambua sauti ndogo ndogo zilizomo ndani ya neno, na kuziunganisha na herufi zake. Kwa hiyo mtoto wa namna hiyo hahitaji kupunguziwa herufi na sauti. Ahitaji kufundishwa hizo zaidi kuliko wenziwe, polepole, kwa utaratibu, na kwa kurudia mara nyingi. Dawa yake iko upande ule ule ambao jina la "mtoto wa masikio" lingalimwondoa.

Sasa tuulize: kusoma kwenyewe ni kitu gani? Herufi ni sauti iliyowekwa katika karatasi. Jicho huiona alama, sikio hukumbuka sauti yake, ulimi huitamka, na akili huikusanya mpaka ikawa neno lenye maana. Mkono nao, unapoiandika herufi ile, huifanya ikae. Basi hakuna mtoto mwenye macho na masikio mazima awezaye kusoma kwa macho peke yake, wala kwa masikio peke yake. Kusoma ni kuvifunga pamoja. Waalimu wa zamani wa pwani walilijua jambo hili katika vyuo vya Kurani: mtoto alikuwa na ubao wake, akiziangalia herufi, akizitamka kwa sauti, akaziandika kwa kalamu ya mti, kisha akauosha ubao na kuandika tena. Hakuna aliyeulizwa kwanza kama yeye ni wa jicho au wa mkono.

Mkitaka kujua hatari ya kutumia sikio peke yake, liendeeni darasa linalosoma kwa pamoja. Mwalimu huonyesha ubaoni, na watoto wote huimba, "Baba analima shamba." Sauti ni kubwa na nzuri, na mpita njia husema shule hii yaendelea. Lakini mwiteni mtoto mmoja, mfunikeni neno la kwanza na la mwisho, mkamwulize lile la katikati ni neno gani. Wako watakaoanza upya kutoka "baba" ili walifikie. Wako watakaosoma vizuri hata kitabu kikiwa kimegeuzwa juu chini. Hao hawasomi, bali wanakariri. Wala si kosa lao, maana hayo ndiyo waliyofundishwa.

Basi, kama watoto hawatofautiani kwa milango mitatu, hutofautiana kwa nini? Maana katika darasa moja twaona huyu akisoma hadithi nzima, na huyu akiwa bado anahangaika na "ba" na "da". Sisi twasema hutofautiana kwa kipago walichofikia. Kusoma ni kama ngazi ya kupandia darini, na kipago ni kile kijiti tunachokikanyaga. Watoto wote hupanda ngazi moja. Lakini mmoja yuko juu, mwingine yuko kati, na mwingine mguu wake bado uko chini. Kazi ya mzazi na ya mwalimu ni kukitafuta kipago alichosimama mtoto, kisha kumshika mkono apande kinachofuata, wala si kumrukisha.

Ngazi ya Kiswahili ni ngazi nzuri kwa mpandaji. Irabu zetu ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto wa Kiingereza hukuta irabu moja ina sauti nyingi, naye hana budi kukumbuka jinsi kila neno lilivyo. Mtoto wa Kiswahili, akiisha kuijua sauti ya "ma" katika "mama", ataikuta ni ile ile katika "matunda". Kwa hiyo mtoto mwenye afya anayefundishwa vema hana sababu ya kukaa miaka mitatu asijue kusoma lugha hii.

Kipago cha kwanza ni sauti na herufi zake. Kabla ya kumwonyesha mtoto alama yo yote, mchezesheni kwa masikio. Mwulizeni: "Katika maneno haya, mama, mimi na kuku, lipi halianzi kama mawili mengine?" Mtoto asiyeweza kusikia ya kwamba "kuku" ni geni hapo, hataona maana ya herufi "m" hata mkimwandikia mara mia. Mchezo huu hauhitaji kitabu wala taa. Wawezekana njiani kwenda kisimani.

Kipago cha pili ni silabi, yaani kipande cha neno kinachotamkwa mara moja. Hapa ndipo huja "ba, be, bi, bo, bu", ambazo sote twazijua. Lakini zisiimbwe kwa mpango ule ule siku zote, maana mtoto hushika wimbo akaziacha herufi. Zichanganyeni: "bo, ba, bu, be, bi". Tena ziko zile ngumu zinazotaka siku zake zenyewe: "ng'" ya ng'ombe si "ng" ya ngoma, "ny" ya nyumba, "dh" ya dhahabu, "gh" ya ghala, "mw" ya mwalimu. Iko na "m" inayosimama peke yake, kama katika m-tu na m-to-to. Watoto wengi huikwaa hiyo kwa kuwa wamezoea kila silabi kuwa na irabu.

Kipago cha tatu ni neno. Lugha yetu hupenda maneno marefu, ambayo ndani yake mna habari nzima. Neno kama "hatutawapelekea" lina silabi nane: ha-tu-ta-wa-pe-le-ke-a. Mtoto anayezichomoa moja moja kwa taabu, akifika mkiani huwa amekwisha kusahau kichwa. Huyo si mpumbavu. Anajua silabi, ila hajazizoea. Dawa yake ni kusoma kila siku maneno mafupi mpaka yatoke upesi, kisha yaongezwe urefu: peleka, pelekea, wapelekea, tutawapelekea.

Kipago cha nne ni sentensi na aya fupi, ambapo mtoto hujifunza kupumua penye nukta na kuuliza penye alama ya kuuliza. Kipago cha tano ni hadithi, naye aliyefika hapo aweza kuisoma na kuwaeleza wengine kwa maneno yake mwenyewe. Asiyeweza kueleza hajafika, hata kama ameyatamka maneno yote bila kosa.

Tena kabla ya ngazi yenyewe yako mahali inaposimama, napo ni lugha. Tanzania peke yake ina lugha za makabila zaidi ya 120, na katika shule nyingi za msingi za serikali mafundisho hutolewa kwa Kiswahili. Mtoto aliyelelewa kwa lugha nyingine aweza kulitamka neno "mzinga" sawasawa, asijue kama ni kitu cha kuliwa au cha kupandwa. Huyo asiulizwe kama ni wa macho au wa masikio. Azungumzwe naye Kiswahili kwanza, ahadithiwe, aulizwe, ajibu. Tena katika lugha nyingine za bara sauti za "l" na "r" hazitenganishwi, na mtoto huandika "kura" akitaka kusema "kula", au "mahari" akitaka "mahali". Msimcheke. Mtamkieni maneno yote mawili, aseme lipi ni lipi, kisha aandike.

Mtauliza, "Tutakijuaje kipago cha mtoto wetu?" Jambo hili ni jepesi. Andikeni katika karatasi moja silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi fupi. Mpeni mtoto asome peke yake, mbali na wenziwe, maana palipo na wenziwe atawafuata. Mahali anapokwama ndipo kipago chake kilipo. Njia hii imekwisha kutumiwa kwa watu wengi sana. Huko India tangu mwaka 2005 watu wamekuwa wakienda nyumba kwa nyumba vijijini, wakiwapa watoto karatasi ya namna hiyo. Kwetu Afrika ya Mashariki kazi kama hiyo, iliyoitwa Uwezo, ilianzishwa katika Kenya, Tanzania na Uganda katika miaka ya 2009 na 2010. Ilionekana wazi ya kwamba wengi wa watoto waliofika darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi ya darasa la pili. Walikuwa wameketi darasani kwa miaka, wakipandishwa kutoka chumba hata chumba, lakini ngazi ya kusoma hawakuipanda.

Huko India walifanya jambo jingine ambalo twalipenda. Kwa saa moja au mbili za siku waliwatoa watoto katika madarasa yao ya umri, wakawakusanya kwa vipago: wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa hadithi pamoja. Kila kundi likafundishwa lile linalolipungukia, na mtoto alipopanda alihamishwa. Tofauti ya makundi haya na yale ya macho na masikio ni kubwa. Aitwaye mtoto wa masikio hukaa na jina hilo maisha yake. Aliye katika kundi la silabi hutoka humo baada ya majuma machache.

Sasa macho, masikio na mikono vitumike vyote, tena kwa watoto wote. Maria Montessori alipofungua shule yake ya watoto wadogo mjini Rome mwaka 1907, aliwatengenezea herufi za karatasi ya msasa. Mtoto aliipitisha ncha ya kidole juu ya herufi, huku akiiangalia na kuitamka sauti yake. Sisi hatuhitaji kununua msasa. Mchanga uko uani, na kijiti kiko mtini. Mtoto aandike "sa" mchangani, aitamke, aifute, aiandike tena. Aikate herufi katika jani la mgomba. Apige kofi moja kwa kila silabi ya jina lake. Lakini yakumbukeni masharti mawili: mkono uandikapo, ulimi utamke, na jicho liangalie, tena mchezo usiwe mrefu kuliko kusoma. Mtoto akishinda mchana kutwa anafinyanga udongo wa herufi "k", asisome neno hata moja lenye "k", amejifunza ufinyanzi.

Hatukusema ya kwamba hakuna mtoto mwenye haja ya njia ya peke yake. Wako. Mtoto asiyeona hana budi kusoma kwa vidole. Naye Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupofuka angali mdogo, aliwatengenezea wenziwe maandishi ya nukta sita, ambayo yanasomwa duniani kote hata leo. Mtoto asiyesikia ahitaji lugha ya alama. Hizo ni haja za kweli zinazopimika, si maoni tu. Kwa sababu hiyo, mtoto wenu akichelewa kusoma, jambo la kwanza ni kumpima. Je, hukikaribia kitabu hata pua ikagusa karatasi? Je, hukunja uso akiutazama ubao kutoka nyuma? Je, akiitwa kwa nyuma hageuki, au sikio lake hutoka usaha? Mpelekeni kwa mganga wa hospitali. Huenda miwani, au dawa ya sikio, au kuketi mbele, vikamfaa kuliko mafundisho ya mwaka mzima. Tena angalieni kama amekula. Mtoto aliyetoka nyumbani na njaa, akatembea mwendo mrefu, huziona herufi zikicheza.

Huenda mzazi mmoja amekwisha kukata tamaa, akisema, "Mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje?" Twakuambia, ndugu yetu, nawe mama yetu, ya kwamba waweza. Jioni, kazi zikiisha, mwite mtoto aketi karibu nawe kwa muda wa kuchemka chungu cha maji. Mwambie akusomee, na kidole chake kiwe chini ya neno analolisoma. Kidole kikiwa mahali pengine na mdomo pengine, utajua anakariri, hata kama wewe huijui herufi moja. Akisha kusoma, mwulize, "Nani alifanya nini? Kwa nini?" Asipojibu, arudie. Usimpige, usimwite majina, wala usimlinganishe na dada yake. Mtoto anayeogopa huficha asichokijua, na kilichofichwa hakifundishiki.

Nanyi wanafunzi mjuao kusoma, neno letu kwenu ni fupi. Yuko mdogo wenu, au jirani, anayenyamaza kila kitabu kikifunguliwa. Msimcheke. Chukueni kijiti, mkakae naye mchangani, mwanze pale alipo. Mtashangaa kuona ya kwamba nanyi mnazidi kujua, maana anayefundisha hujifunza mara mbili.

Wala msitazamie miujiza. Wako watakaopanda upesi, na wako watakaokaa siku nyingi katika kipago kimoja kabla ya kuinua mguu. Haba na haba hujaza kibaba. Aliyechelewa hahitaji ngazi nyingine; ahitaji mtu wa kusimama chini yake na kuishika ngazi isitikisike.

Basi twawaomba jambo moja. Kesho, kabla hamjasema tena ya kwamba mtoto wenu ni wa namna hii au ile, mpeni karatasi yenye silabi, maneno, aya na hadithi. Msikilizeni mpaka mwisho, bila kumkatiza. Kisha anzeni naye pale alipokwama, kila siku kwa muda mfupi.